Taharuki Haikaririwi

Mwishoni mwa kitabu hiki utakuta orodha ya istilahi za tamthiliya na riwaya. Naomba usianzie huko. Najua utaanzia huko, maana hata mimi nilipokuwa kidato cha nne nilifanya hivyo. Nilikariri kwamba taharuki ni hali ya msomaji kuwa na shauku ya kujua kitakachofuata, nikaiandika neno kwa neno katika mtihani wa majaribio, kisha nikabaki nimeshika kalamu. Swali lilitaka nioneshe taharuki katika tamthiliya mbili. Maana nilikuwa nayo. Tamthiliya nilikuwa sijazisoma.

Leo nafundisha hapa Mgololo, na kila ninaposahihisha majaribio nakutana na kijana yule yule niliyekuwa mimi. Aya ya kwanza safi kabisa, ya pili inaanza kuyumba. Sehemu ya lawama ni yetu walimu, tunaojaza ubao kwa maana na kuwaambia mnakili. Kwa hiyo nasema wazi: istilahi moja unayoweza kuionesha ndani ya onyesho moja ni bora kuliko ishirini ulizozimeza.

Chukua neno tanzia. Unalijua tangu utotoni. Linabandikwa kwenye ubao wa matangazo, linatumwa kwenye simu kwa herufi kubwa, na kila mtu anauliza, “Nani tena?” Ndiyo maana wengi huandika kwamba tanzia ni tamthiliya ambayo mtu anakufa. Hiyo ni nusu ya jibu. Soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile anawapa watu maji na matumaini, kisha yeye mwenyewe anaanza kuyatilia shaka. Akiwa amekamatwa anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Uzito wa tanzia uko hapo. Mtu mwenye hadhi ananaswa na jambo alilolianzisha mwenyewe, na kila njia iliyobaki inamwumiza. Sasa rudi kwenye Kilio Chetu. Joti anafariki, lakini usiandike “ni tanzia kwa sababu Joti anafariki”. Onesha ukimya wa wazazi unavyomfikisha pale. Na Ngoswe je? Hafi, tena tunacheka sana njiani, lakini karatasi zake za sensa zinapoteketea, ni uzembe wake mwenyewe uliozifikisha motoni. Mimi naiona ina harufu ya tanzia. Mwalimu wako anaweza kukataa. Bishana naye kwa matukio.

Turudi kwenye taharuki. Orodha ya Steve Reynolds inaanza na mazishi ya Furaha. Wanafunzi huniambia, “Mwalimu, tumeshajua amekufa, taharuki iko wapi?” Swali zuri. Mwandishi ametumia mbinu rejeshi, yaani ametuanzishia mwishoni akaturudisha nyuma, hivyo hatuulizi tena kama Furaha atakufa. Tunauliza barua yake ina nini. Wapo wanaume wanaotetemeka wakidhani majina yao yamo, na marehemu, akiwa ndani ya jeneza, anawatisha wazima. Orodha inaposomwa, haina jina la mtu. Ina mambo kama uaminifu. Hicho ndicho kinaya: kinachotokea kinageuka kinyume cha kilichotarajiwa. Kwa tukio hilo moja umepata istilahi tatu, na hukulazimika kukariri hata moja.

Marehemu kuwasumbua wazima si jambo geni kwenye fasihi. Katika Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1963, mzuka wa Kaizari unamtokea Brutus usiku hemani. Baadaye Waingereza wakaiendeleza hofu ya namna hiyo kwenye riwaya, kuanzia ile ya Horace Walpole ya mwaka 1764 inayotokea katika ngome yenye mambo ya ajabu. Riwaya hizo huitwa za kigothiki. Sisi tunaye Muhammed Said Abdulla na Mzimu wa Watu wa Kale, ya mwaka 1960. Angalia neno mzimu lenyewe: ni roho ya aliyekufa, na pia ni mahali watu wanapokwenda kutambika. Mauaji yanahusishwa na mahali hapo, watu wanaogopa, naye Bwana Msa anakuja na akili yake kutafuta muuaji mwenye damu na nyama.

Ninayataja haya kwa sababu ya istilahi mnayoionea kuliko zote: mandhari. Karatasi baada ya karatasi naletewa “mandhari ya kitabu hiki ni kijijini na mjini”, kisha nukta. Mwaka mmoja nilichoka, nikawaambia wanafunzi wa kutwa waandike njia yao ya kuja shule. Hapa kwetu asubuhi ukungu ukishuka kwenye misindano humwoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Unasikia tu lori la magogo likipanda kilima, na harufu ya kiwanda cha karatasi inakufikia kabla hujakiona. Binti mmoja aliandika kwamba alisikia hatua nyuma yake. Akisimama, zinasimama. Akakimbia, zikakimbia. Darasa zima likanyamaza. Alikuwa mdogo wake, amebeba daftari alilolisahau mezani.

Nikawauliza: ukiondoa ukungu, hadithi inabaki? Wakasema haibaki, maana angegeuka akamwona. Basi mandhari ilikuwa inafanya kazi, ndiyo iliyozaa taharuki. Kijana wa nyuma akadakia, “Na daftari ni kinaya!” Hakuna aliyekuwa amefungua ukurasa wa istilahi.

Leo jioni fungua Orodha, onyesho la kwanza. Funika majibu ya kitabu hiki kwa karatasi. Andika sentensi tatu tu: tukio liko wapi, nani anaogopa, na angekuwa mahali pengine angeogopa hivyo hivyo? Ukikwama, usikimbilie orodha ya mwishoni. Soma onyesho mara ya pili, kwa sauti, mwenzako akisoma nafasi nyingine.