Mchoro Kwanza, Kiwanja Baadaye

Kila anayetoka katikati ya miji yetu ya Tanzania kuelekea pembezoni huona jambo moja: shamba la mikorosho au la mihogo limekatwa vipande kwa hatua za miguu, kamba ikavutwa, na kila kipande kikapata mnunuzi. Karatasi ya mauziano imeandikwa, mashahidi wametia sahihi, fedha zimehesabiwa. Kilichokosekana ni mchoro.

Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 inataka ardhi ya mjini igawanywe kwa idhini ya mamlaka ya mipango, ambayo ni halmashauri. Kabla ya jiwe la mpaka kuchimbiwa, huandaliwa ramani ya msingi inayoonyesha hali ilivyo: nyumba zilizopo, makaburi, mabonde ya maji, njia zinazopitwa na watu, nguzo za umeme, mipaka ya majirani. Juu yake ndipo mpangaji miji huchora viwanja, barabara na upana wake, na maeneo ya shule, zahanati, soko na michezo. Mchoro huo hupita katika halmashauri na kuidhinishwa na Wizara ya Ardhi. Kisha mpima huingia uwanjani, na upimaji wake nao huidhinishwa. Hati huja mwisho. Mwenye haraka huanza na nyumba, halafu akatafuta hati, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya wataalamu peke yao. Mchoro ndio unaoamua kama gari la wagonjwa litafika mlangoni kwa mama anayejifungua usiku, au kama jeneza litabebwa mabegani katika uchochoro wa hatua mbili. Ndio unaoamua kama choo cha shimo cha jirani kitakaa karibu na kisima chako, na kipindupindu kinajua njia hiyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Lakini muuzaji wa bondeni hataji mita hizo, naye mnunuzi maskini huzisikia kwa mara ya kwanza siku alama nyekundu ya X inapopakwa ukutani.

Hatuwalaumu maskini. Viwanja vilivyopimwa ni vichache na bei yake ni kubwa. Ofisi ni mbali, na majibu yake mara nyingi ni «njoo kesho». Serikali isiyopima ardhi kwa wakati haina uso mkavu wa kumshangaa mwananchi aliyejipimia mwenyewe. Tunalosema ni kwamba hasara ya mchezo huu haigawanywi sawasawa. Muuzaji huondoka na fedha. Mjane hubaki na kifusi. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na bado tunaona mauziano ambayo mke huyasikia kwa majirani.

Na sisi Kanisa? Parokia nazo zina ardhi, na nyingine hukata pembe ya uwanja ili kupata fedha za ujenzi. Hatuwezi kuhubiri juu ya shamba la Nabothi na huku tukiuza vipande visivyo na barabara.

Rasimu ya mchoro inapoandaliwa, wenye ardhi na wakazi wanapaswa kushirikishwa. Mara nyingi mkutano huo wa mtaa huhudhuriwa na watu wachache, nao wengi wao ni wenye maslahi. Tunaziomba kamati za Haki na Amani za parokia ziulize katika ofisi ya mtaa na ya kata ni rasimu gani zinazoandaliwa, zitangaze mikutano hiyo baada ya Misa, na ziwasindikize wajane na wapangaji wasiozoea kusema mbele za watu. Waulize mambo matatu: njia yetu ya kwenda majini iko wapi katika karatasi hii, watoto watasoma wapi, na nani aliyeandikwa katika kiwanja changu. Waulize wakati mistari bado ni ya penseli.