Matangazo ya waziri yaje na tarehe

Mhariri,

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya hazina ya bima ya NHIF hapa Kenya, matangazo ya Wizara ya Afya hayajakatika. Kwa ajili ya bima hiyo, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, atake asitake. Mama mboga hutozwa mchango wa mwaka kwa mkupuo, ilhali pato lake ni la kutwa. Majuzi nilimwona mmoja hospitalini, mtoto wake akichemka homa, akiambiwa na karani: “Mtambo wa SHA umekwama, lipa taslimu.”

Waziri akitangaza hatua mpya, aeleze itaanza lini, fedha zitatoka wapi, na mwananchi akikwama alalamike kwa nani. Vinginevyo, atuondolee hotuba.

Msomaji wenu,
Nakuru