Tamasha la vyungu liende kwenye udongo

Seremala anaweza kubeba msumeno na randa yake hadi Dar es Salaam akaendelea na kazi ile ile aliyokuwa akiifanya kwao. Mfinyanzi hawezi. Kazi yake huanzia kwenye shimo la udongo anaoujua kwa kuushika, na sehemu kubwa ya ujuzi wake imefungamana na shimo hilo: mchanga au vigae vilivyotwangwa vichanganywe kiasi gani ili chungu kisipasuke motoni, kianikwe kivulini kwa muda gani, kichomwe kwa kuni na majani gani. Akipelekwa mjini, kinachofika naye ni chungu kilichokwisha. Ndiyo maana naamini kuwa tamasha la ufinyanzi wa asili linapaswa kufanyika vijijini kwa wafinyanzi wenyewe, na kwamba kila shilingi tunayotumia kuwaleta wachache wao kwenye viwanja vya maonyesho vya miji mikubwa ingefanya kazi kubwa zaidi kama ingetumika kuwapeleka wanunuzi kwao.

Wakisi wa kaskazini-mashariki mwa Ziwa Nyasa ni mfano ulio wazi. Wanaishi chini ya safu ya milima ya Livingstone, mahali ambapo mlima unashuka karibu moja kwa moja hadi majini na ardhi ya kulima ni haba. Wanaume huvua samaki, wanawake hufinyanga, na tangu zamani vyungu vyao vilibadilishwa kwa chakula cha majirani zao Wanyakyusa wa bonde la Kyela. Vyungu vya Ikombe hupakiwa kwenye mitumbwi hadi Matema, huuzwa katika soko la Lyulilo, na kutoka hapo wachuuzi huvipeleka Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi. Katika kila kituo bei hupanda, na nyongeza hiyo haimrudii aliyefinyanga. Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni walikuwa wakieleza hesabu ya biashara hii hii. Tamasha la mjini huongeza kituo kingine: nauli, malazi, vyungu vinavyovunjika njiani, na kamati inayochagua wanawake wawili watatu wakawakilishe mamia. Tamasha la Matema lingeondoa vituo hivyo vyote kwa siku chache, kila mwenye chungu akauza mwenyewe kwa bei yake.

Kuna sababu nyingine, nayo si ya fedha. Kwa muda mrefu wasomi wa enzi za ukoloni walisimulia kuwa miji ya pwani yetu ilianzishwa na wageni waliokuja na majahazi. Kilichosaidia sana kuipindua hadithi hiyo ni vigae. Wachimbuzi wa mambo ya kale, akina Mark Horton kule Shanga katika kisiwa cha Pate na Felix Chami nchini Tanzania, walionyesha kuwa katika tabaka za chini kabisa za makazi ya karne za 7 hadi 10 vyombo vilivyotawala ni vya kienyeji, vyenye nakshi za pembetatu zilizochorwa kabla udongo haujakauka, na kwamba vyombo vya aina hiyo vinapatikana kutoka Lamu hadi Msumbiji na hata bara ndani. Vyombo vya kigeni vilikuwapo, lakini vichache. Ushahidi huo mzito wa asili ya ustaarabu wa Waswahili uliachwa na wafinyanzi ambao hakuna aliyeandika majina yao. Na watafiti hujifunza kuvisoma vigae vya kale kwa kuwatazama wafinyanzi walio hai wakichimba, wakifinyanga na kuchoma. Ufinyanzi wa mahali ukifa, tunapoteza pia ufunguo wa kuisoma historia ya mahali hapo.

Watakaopinga watasema wateja wako mjini, na kwamba hakuna atakayesafiri siku nzima kwa ajili ya chungu. Lakini utazame mji wa Mashiko, kaskazini mwa Tokyo, uliokuwa mahali pa kutengenezea vyombo vya kawaida vya jikoni. Tangu mwaka 1966 unafanya soko la vyombo mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na umati wa watu huondoka mjini kwenda kununua kwenye mahema ya wafinyanzi wenyewe. Ni kweli Japani ina njia za reli ambazo sisi hatuna. Lakini Matema ina ufukwe ambao watalii tayari wanaufuata, ina nyumba za wageni, na ina soko la vyungu ambalo halikusubiri mfadhili yeyote. Kinachokosekana ni tarehe inayojulikana nchi nzima, iliyotangazwa mapema, isiyobadilishwa kwa sababu ya ratiba ya mgeni rasmi.

Pingamizi zito zaidi ni la sufuria na ndoo za plastiki: kwa nini tukienzi chombo ambacho jiko lenyewe limekwisha kukikataa? Hapa lazima tuseme ukweli. Sufuria ni nyepesi na haivunjiki, na hakuna tamasha litakalomrudisha mama kwenye chungu kwa hotuba. Botswana iliona hatari hiyo: mwaka 2012 ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu mafundi walikuwa wakipungua, bei ni ndogo, na vyombo vya viwandani vimejaa. Hata hivyo udongo haujaisha kazi. Mtungi hupoza maji bila umeme, kwa kuwa maji yanayopenya kwenye vitundu vyake hukauka nje na kuchukua joto. Vyetezo vya udi na ubani havijapata mbadala majumbani mwa pwani. Na jiko la mkaa lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki, linaokoa mkaa kwa sababu ndani ya bati lake mna kikombe cha udongo uliochomwa. Wanawake wa magharibi mwa Kenya waliokuwa wakifinyanga mitungi waliingia katika kutengeneza vikombe vya majiko ya kuni, maana mikono ilikwisha kujua. Tamasha linalofaa lingewakutanisha wafinyanzi na watengeneza majiko, wenye hoteli na wenye bustani za miche, wakaagiziana kazi ya mwaka mzima.

Wapo pia wanaohofu kuwa kumleta mgeni mwenye kamera kijijini ni kumgeuza mfinyanzi kuwa kitu cha kutazamwa. Hofu hiyo naiheshimu. Kuna mahali kuchimba udongo na kuchoma vyungu kuna miiko, na wanawake ndio wanaojua nani aruhusiwe kuona nini. Lakini maonyesho ya mjini yana aibu kubwa zaidi, kwa kuwa huko mfinyanzi hapangi chochote. Chungu chake hupewa kibandiko cha kabila, kana kwamba kabila zima lilikaa chini likakifinyanga. Nigeria ilifanya vingine: Ladi Kwali, aliyejifunza kufinyanga kijijini kwao, picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye kazi zake leo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia, alikwenda katika karakana ya Abuja akajifunza kwa wanawake kama Ladi Kwali. Sharti la kwanza la tamasha letu liwe kila chungu kitoke na jina la aliyekifinyanga, na sharti la pili kamati iwe ya wafinyanzi, wapange wenyewe kinachoonyeshwa na kisichoonyeshwa.

Halmashauri ya Kyela haihitaji jengo jipya ili kuanza. Inahitaji mahema, vyoo, maji, boti salama za kwenda na kurudi Ikombe, na ahadi ya kutotoza ushuru wa soko kwa siku hizo. Inahitaji pia kuuliza kabla ya kupanga tarehe. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na chungu kibichi hakiwezi kuanikwa wala kuchomwa mvua ikinyesha, kwa hiyo miezi ya kufaa ni ya kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati ambao pia watu wa bondeni wamekwisha kuvuna mpunga na wana fedha mkononi.