Roketi Zikirudi Ngomeni, Nani Atamwambia Aliye Baharini? Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Anga

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa sababu malalamiko yaliyopelekwa maofisini kwa njia ya kawaida hayakujibiwa. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja hapa, ilifunga sehemu ya bahari kwa mazoezi ya kufyatua risasi, ikabandika tangazo kwa Kiingereza kwenye ubao ulio ndani ya geti lake, na vyombo vikiwa vimeshatweka. Jarife la familia yetu lilipotelea humo, na deni lake tunalilipa mpaka leo. Sitasimulia zaidi ya hapo, maana wavu hununuliwa mwingine. Kinachonikera ni kwamba utaratibu huohuo wa ubao na geti ndio uliopo, na ndio utakaotumika iwapo roketi zitarudi Ngomeni, zilikorushwa zamani. Siku hiyo aliye chini atapoteza zaidi ya wavu.

Kwamba Kenya inatamani kurusha tena roketi si siri. Tuna shirika la anga tangu mwaka 2017, tuna setilaiti yetu ya Taifa-1 iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ingawa ilibidi ikapandie roketi California, na mazungumzo ya kujenga kituo cha kurushia karibu na ikweta yanarudi mara kwa mara. Sipingi. Hoja ya kijiografia ni ya kweli kabisa: Ngomeni iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na mzunguko wa dunia huko huiongezea roketi inayoelekea mashariki kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kuchoma tone la mafuta. Wataalamu huongeza kwamba mbele yake ni bahari tupu. Hapo ndipo tunapoachana. Ghuba ya Ungwana, kuanzia mlango wa Sabaki hadi Kipini, haijawahi kuwa tupu. Ina mashua, madau, ngalawa na mitumbwi ya watu wa hapa, ina meli za kuvua kamba, na kaskazi ikivuma hupokea wavuvi wa dago kutoka Pemba wanaopiga kambi kwa wiki kadhaa. Anayeiita tupu ameitazama kwenye ramani.

Nitaambiwa kwamba Waitaliano walirusha hapohapo miaka yote ile bila makelele. Ni historia ninayojivunia kama Mkenya yeyote. Kutoka jukwaa la San Marco, kati ya mwaka 1967 na 1988, roketi za Scout zilipeleka angani setilaiti tisa, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina Uhuru kwa kuwa ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Lakini hesabu yenyewe ndiyo jibu. Setilaiti tisa katika miaka ishirini na moja, kwa roketi ndogo ya tani ishirini hivi, si kipimo cha biashara inayopangwa leo. Pwani ya Florida peke yake ilirusha roketi zaidi ya 90 katika mwaka 2024. Hakuna mwekezaji atakayejenga kituo cha kisasa ili arushe mara moja kila baada ya miaka miwili. Bahari ikifungwa mara moja kwa mwaka, mvuvi atavumilia. Ikifungwa kila wiki, utaratibu wa kumwonya unakuwa sehemu ya maisha yake, na ukiwa mbovu utamkuta siku moja.

Umma haujaelezwa waziwazi kwamba roketi iliyofaulu nayo huangusha vitu. Hatua ya kwanza ikimaliza mafuta huachiwa ishuke baharini, na vifuniko vya mzigo hufuata. Ndivyo roketi nyingi zilivyoundwa. Kwa hiyo eneo linalofungwa si tahadhari ya ajali peke yake, ni mahali ambapo chuma kimepangiwa kuanguka. Tena chuma hicho hatukijui kwa kusimuliwa. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi na upana wa mita mbili na nusu ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, na shirika letu la anga lenyewe likathibitisha kwamba ilitoka kwenye roketi. Mukuku wapo waliosikia kishindo na kuiona ilipotua. Baharini kitu kama hicho kikiiangukia ngalawa hakutakuwa na wa kuhojiwa.

Mfano ninaotaka uukumbuke umetoka Wallops, jimbo la Virginia. Tarehe 27 Oktoba 2014 roketi ya Antares ilizuiwa kuondoka dakika chache kabla ya muda wake kwa sababu mashua moja ya matanga ilikuwa imeingia eneo lililofungwa. Kesho yake, tarehe 28, ilirushwa na ikalipuka sekunde chache baada ya kuinuka. Nakiri kwamba vipande viliangukia karibu na jukwaa, mbali na mahali mashua ile ilipokuwa. Lakini siku ya 27 hakuna aliyejua hilo. Aliyeahirisha alijua jambo moja tu, kwamba kuna mtu chini ya njia ya roketi, na hilo lilimtosha. Aliweza kuahirisha kwa sababu alimwona. Je, mashua ya mbao inayoelea katika maji ya Ungwana, isiyo na kifaa cha kujitambulisha kwa meli nyingine, huku mawimbi ya kusi yakiifunika nusu ubavu, nani atakayeiona? Rada huchelewa kuona mbao, na chombo kisichoonekana hakiahirishi roketi.

Jibu la kiofisi nalijua: upo mfumo wa kimataifa wa kutoa maonyo kwa wasafiri wa baharini. Upo kweli. Bahari za dunia zimegawanywa kwa maeneo, letu ni la nane, linaratibiwa na India, na ujumbe hutumwa kwa Kiingereza kupitia setilaiti na mitambo ya redio ambayo meli kubwa hulazimika kuwa nayo. Meli ya makontena inayoelekea Mombasa itaupata. Mashua ya Ngomeni haitaupata, kwa kuwa mfumo huo haukutengenezwa kwa ajili yake. Hebu tuchukue kwamba tangazo limefika hata hivyo, limebandikwa dikoni. Litataja pembe nne za eneo kwa nyuzi na dakika, wakati nahodha anapima mahali kwa kilima, mnara na kina cha maji. Litataja muda kwa saa za kimataifa, tuseme 0600 hadi 0900, ambazo kwetu ni saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Nahodha akisomewa hiyo sita na kijana wake kama inavyosomeka simuni, ataelewa saa kumi na mbili alfajiri. Atakaa pwani mpaka saa tatu, akiamini ametii, kisha atatweka. Ataingia eneo la hatari wakati uleule roketi inapowashwa, na ripoti itaandika kwamba alipuuza onyo.

Ndiyo maana siikubali hoja ya ukaidi, ambayo huletwa haraka sana pale mvuvi anapodhurika. Tarehe 30 Januari 2022 huko Cape Canaveral roketi iliyobeba setilaiti ya Italia, nchi ileile iliyojenga San Marco, ilishindwa kuondoka kwa sababu meli ya kitalii, Harmony of the Seas, ilikuwa ndani ya eneo lililofungwa. Hiyo ni miongoni mwa meli kubwa kabisa za abiria duniani, ina kila rada, kila redio na maofisa waliosomea kazi hiyo. Kama meli hiyo ilikosea, hatuwezi kujenga usalama wa watu wa Ungwana juu ya dhana kwamba nahodha wa ngalawa hatakosea kamwe. Wapo pia wanaosema wavuvi wagawiwe redio au watumiwe ujumbe wa simu. Wagawiwe, nami nitaunga mkono, lakini redio ya mkononi kutoka usawa wa maji haifiki mbali, mtandao wa simu hufifia kadiri pwani inavyozama, na aliyetega jarife jioni amezima simu kutunza chaji. Aliyeko dagoni huenda hakuandikishwa na kamati yoyote ya ufuo ya hapa. Onyo lililotumwa si onyo lililofika, Mheshimiwa, na tofauti ya mawili hayo ni mtu.

Kuna wanaojibu kwa hesabu: uwezekano wa kipande kuiangukia mashua moja katika bahari pana kiasi hicho ni mdogo mno. Ni mdogo, nakubali. Kanuni za Marekani zinataka eneo la hatari lichorwe pale ambapo uwezekano wa chombo kuangukiwa na kipande kinachoweza kuumiza mtu unazidi moja kwa laki moja. Nataka Kenya ichukue kipimo hicho. Lakini mstari uliochorwa unalinda watu pale tu unapohakikisha hakuna chombo ndani yake, na huwezi kuhakikisha hivyo bila mtu wa kuhesabu vyombo vilivyotoka, vilivyorudi, na vilivyobaki. Kazi hiyo inawezekana. Viongozi wa BMU, yaani kamati za ufuo, katika kila diko wanajua nani yuko nje usiku huu na kwa kawaida wanajua ameelekea wapi. Wapewe mamlaka ya kutia sahihi kwamba vyombo vimerudi, boti za doria na ndege zipite eneo lote kwa macho siku ya kurusha, na hesabu isipotimia roketi isubiri. Gharama ya kusubiri aibebe anayerusha. Ndiye anayeleta hatari, na ndiye atakayepata faida.

Upande wa sheria kuna shimo ambalo wananchi wengi hawalijui. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 kuhusu madhara ya vyombo vya anga unaibebesha nchi inayorusha dhima kamili ya madhara yanayotokea kwenye uso wa dunia, bila kudai uthibitisho wa uzembe, na nchi ambayo ardhi yake imetumika kurushia huhesabiwa kuwa mrushaji. Lakini mkataba huo hauhusu madhara waliyopata raia wa nchi inayorusha. Maana yake roketi ya kampuni ya kigeni ikiondoka Ngomeni na kumdhuru mvuvi wa Ngomeni, mkataba haumtambui; mgeni aliye katika mashua ya pili huenda akadai kupitia serikali yake, na mwenyeji asidai. Ni sheria ya Kenya pekee inayoweza kuliziba shimo hilo, na iwepo kabla ya roketi ya kwanza.

Wenzetu wamelifanya hili kwa miaka mingi. Japani ilianza kukwaruzana na wavuvi wa Tanegashima tangu miaka ya 1960, na kwa miongo kadhaa urushaji ulibanwa ndani ya vipindi vya mwaka vilivyokubaliwa na vyama vyao. Mpaka mwaka 2011 ndipo ruhusa ya mwaka mzima ilipoanza, tena kwa makubaliano. Programu ya Japani haikufa kwa kuwasikiliza wavuvi. Sisi tumezoea kinyume chake. Bandari ya Lamu ilianza kujengwa kwanza, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ndiyo iliyoamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Katiba yetu, kifungu cha 10, inataja ushirikishwaji wa wananchi. Cha 35 kinatupa haki ya habari. Cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa. Tangazo la hatari ya kifo linalotolewa pwani kwa Kiingereza peke yake limevikanyaga vyote vitatu.

Ninachodai ni hiki. Maonyo yatoke kwa Kiswahili, kwa saa tunazotumia, kwa majina ya maeneo tunayovua, siku kadhaa kabla, kwenye redio za pwani na misikitini na dikoni, yakifika hadi Pemba. Roketi isiwashwe kabla ya hesabu ya vyombo kutimia. Kila siku bahari inapofungwa, zikiwemo siku za kuahirishwa, tajiri wa chombo na mabaharia wake walipwe. Na kabla hujatia sahihi mkataba wowote wa kurusha, njoo Ngomeni wakati wa bamvua, uwaulize manahodha ni lini walipata tangazo la serikali kabla hawajatweka, na waliletewa na nani. Majibu yao yasomwe Bungeni mbele ya wanaoutetea mkataba huo.