Mtandao nao upandishwe kwenye mzani

Hakuna mchuuzi wa Kashikishi anayenunua gunia la chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, kwa kusikia uzito mdomoni mwa muuzaji. Ataliinua, kisha atalipima. Lakini mchuuzi huyo huyo hununua bando la intaneti kwa kuamini alama ndogo iliyo juu ya kioo cha simu: 4G.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa Nchelenge, mteja wangu akiwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, akisubiri picha za sabuni na karatasi za mzigo. Simu ilionyesha 4G, lakini picha hazikwenda. Zilipomfikia, alikuwa ameshanunua kwa mwingine.

Jambo hili si geni. Zama za modemu za kupiga simu, kompyuta nyingi zilionyesha kasi ya 115,200, na mwenye nayo akafurahi. Kumbe hiyo ilikuwa kasi kati ya kompyuta na modemu iliyokuwa mezani, si ya waya wa simu. Modemu bora zilipokea kilobiti 56 kwa sekunde, tena waya ukiwa mzima, na nyingi zilituma 33.6 tu. Biti 8 ndizo baiti 1, kwa hiyo 56 zile ni kilobaiti 7. Picha ya megabaiti 2 ingechukua karibu dakika tano kupokelewa.

Alama ya 4G ni hivyo hivyo. Inakueleza simu inavyozungumza na mnara. Haikuelezi mnara huo unagawanywa na watu wangapi, wala njia itokayo mnarani ina upana gani.

Basi tupime wenyewe. Chukua faili la megabaiti 5 unalojua ukubwa wake, zima programu nyingine, ulitume kwa WhatsApp kama waraka, si kama picha, maana picha hubanwa. Hesabu sekunde hadi itokee tiki ya kwanza. Zidisha 5 kwa 8, upate 40, kisha gawa kwa sekunde zako. Ikichukua sekunde 80, kasi yako ya kutuma ni nusu megabiti kwa sekunde. Kwa kupokea, mwambie mwenzako akutumie faili lingine, uhesabu sekunde za kulipakua. Rudia asubuhi, mchana na jioni soko linapochangamka, na uandike kwenye daftari. Ukiwa ufukweni, hakikisha kwanza simu haijashika mnara wa nchi ya pili.

Daftari moja ni malalamiko ya mtu mmoja. Madaftari hamsini kutoka Nchelenge, Kashikishi, Chiengi, Kilwa na Pweto ni ushahidi. Vyama vyetu viyakusanye na kuyapeleka ZICTA kwa Zambia na ARPTC kwa Kongo, mamlaka zinazosimamia kampuni za simu. Tuombe kasi iliyopimwa itangazwe mji kwa mji, asubuhi na jioni, badala ya kuambiwa tu kwamba mnara upo.

Nchi zote mbili zimo COMESA na SADC, na kila siku tunahubiriwa biashara bila mipaka. Mipaka mingine haina lango wala askari. Inakaa ndani ya simu, na mwenye mzigo huijua baada ya mteja kuondoka.