NYUMBA YETU: Baraza Lenye Viti vya Kujengea

Juma hili tuzungumze juu ya baraza la nyumba. Askari atokaye zamu huvua buti zake hapo kabla ya kuingia ndani. Mama huchambua mchele hapo, watoto husomea hapo mpaka giza liingie, na mgeni asiyekuwa wa ndani hukaribishwa hapo. Hata hivyo, nyumba inapojengwa, baraza ndilo husahauliwa, likaachwa kuwa ukanda mwembamba wa saruji wenye ndoo mbili na kiti kibovu.

Mwenye nyumba akipata fedha kidogo, iwe ya akiba au ya kiinua mgongo, hutamani kulitengeneza: aweke benchi la matofali, sanduku chini yake, mahali pa kunawia miguu, na vitanda vya maua. Hayo yote ni mema. Lakini yapasa kukumbuka kwamba kilichojengewa hakihamishiki. Kiti cha mbao kikiwekwa mahali pabaya hunyanyuliwa kwa mikono miwili. Benchi la matofali likizuia maji litavunjwa kwa nyundo, na fedha yake imekwisha kwenda. Kwa hiyo kanuni yetu ya leo ni fupi: kwanza maji, kisha viti.

Baraza lilitoka wapi

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Katika Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, viti vya mawe vilijengwa pamoja na ukuta wa nje wa nyumba, ili mwenye nyumba azungumze na majirani bila kuwaingiza ndani kwa watu wake. Huko Lamu sehemu hiyo ya mlangoni yenye viti huitwa daka. Katika Mji Mkongwe, njia zikijaa maji ya mvua, watu hupita juu ya mabaraza hayo, miguu yao ikabaki mikavu. Ndiyo kusema wajenzi wa zamani walijua kwamba kiti na maji ni mambo yanayokwenda pamoja.

Neno lenyewe limesafiri hata kufika kwetu. Waganda huita sehemu hiyo ya nyumba olubalaza, na sisi sote tunajua Baraza la Mawaziri. Mahali pa kukalia pakawa jina la watu wanaokaa kushauriana.

Nateete na maji yake

Anayejenga Nateete ana sababu kubwa zaidi ya kufikiria maji. Kampala hupata mvua nyingi mara mbili kwa mwaka, yaani tangu Machi hadi Mei, na tena tangu Septemba hadi Novemba. Maji ya vilimani hushuka bondeni, na mfereji wa Nalukolongo ukifurika, nyumba za chini huingiliwa. Basi kabla ya kumwita fundi, ngojea mvua moja kubwa, usimame mlangoni na kutazama: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanasimama wapi. Weka vijiti mahali yanapopita. Mahali hapo pasijengwe kitu chochote cha kuyazuia.

Vilevile usiyasukume maji kwa jirani. Baraza lililoinuliwa bila mfereji hugeuza njia ya maji, na nyumba iliyokuwa kavu mwaka jana itajaa tope mwaka huu. Ugomvi wa namna hiyo huanza kwa maneno na huishia kituo cha polisi, na wasomaji wetu wa huko wanaufahamu vizuri.

Sakafu

Sakafu ya baraza iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 5 hadi 10, nayo iinamie nje kwa sentimita 2 katika kila mita 1. Baraza lenye upana wa mita 2 litakuwa na tofauti ya sentimita 4 kutoka ukutani hadi ukingoni. Jicho halioni mwinamo huo, lakini maji huuona.

Zege lichanganywe kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Sakafu ya mita 3 kwa 2, yenye unene wa sentimita 10, hutaka mifuko 4 hivi ya saruji ya kilo 50. Baada ya kumwagwa ifunikwe na kulowekwa maji kwa siku 7. Fundi anayemwaga asubuhi na kuiacha juani hukupa sakafu itakayotoa vumbi na nyufa. Pia, katika udongo laini wa bondeni, sakafu ya baraza isishikamanishwe na ukuta wa nyumba; iachwe nafasi ndogo ijazwe lami, kwani baraza hushuka kwa namna yake na nyumba kwa namna yake.

Benchi na sanduku lake

Benchi linalofaa mtu mzima lina kimo cha sentimita 45 na upana kama huo. Juu yake liinamie mbele kidogo ili mvua isikae, na pembe zake ziviringwe, kwani mtoto anayekimbia huanguka penye ncha.

Hatari iliyofichika ni unyevu. Ukuta uliojengwa vizuri una tabaka karibu na ardhi la kuzuia unyevu usipande. Benchi la matofali likiegemezwa ukutani juu ya tabaka hilo, unyevu hupanda kwa njia ya benchi na kuingia ndani, na baada ya mvua mbili rangi ya sebuleni huanza kubanduka. Dawa yake ni rahisi: fundi aweke karatasi nzito ya nailoni kati ya benchi na ukuta kabla ya kupiga lipu.

Ndani ya benchi paweza kuachwa nafasi ya sanduku lenye mfuniko wa mbao na bawaba, la kuwekea buti, majembe na vifaa vya usafi. Liwe na matundu ya hewa na tundu moja la chini la kutolea maji, kwani maji yakisimama humo mbu watazaa. Mbao zipakwe dawa ya mchwa pande zote kabla ya kupigiliwa. Sigiri yenye makaa yanayowaka isiwekwe humo wala kuingizwa chumbani, kwani hewa ya makaa huua bila kutoa harufu ya kumwonya mtu.

Maji ya paa na mahali pa kunawia

Paa la baraza ni chombo cha kukusanyia maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 12 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 240, yaani madumu 12 ya lita 20. Hata sehemu yake ikipotea, hiyo ni safari kadhaa za kisimani zilizookolewa. Maji ya kwanza yenye vumbi yamwagwe, pipa lifunikwe, na bomba la ziada lielekezwe mferejini.

Karibu na pipa jenga kijibwawa kifupi cha kunawia miguu, sentimita 60 kwa 60, chenye bomba na tundu la kutolea maji. Buti zilizotoka kwenye tope zikioshwa hapo, sakafu ya ndani hubaki safi.

Kama nyumbani kuna mzee, au askari aliyeumia kazini, ngazi peke yake haitoshi. Njia ya kiti cha magurudumu huhitaji urefu mara 12 ya kimo chake. Baraza lenye kimo cha sentimita 30 litahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60.

Mama asimamiapo kazi

Mara nyingi mume yuko kambini au ametumwa mbali, kama huko Somalia ambako askari wa Uganda walianza kupelekwa mwaka 2007, na mama ndiye anayesimama na fundi. Asikubali kuambiwa kwamba mambo haya ni ya wanaume. Kipimo chake ni ndoo moja ya maji. Kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya fedha, aimwage karibu na ukuta. Maji yakielekea nje yote, fundi amefanya kazi. Yakisimama au yakirudi mlangoni, sakafu isahihishwe kwanza, fedha baadaye. Jambo hilo liandikwe katika mapatano tangu siku ya kwanza, na mume apelekewe nakala.

Kwa mpangaji, shauri letu ni tofauti. Usijenge benchi la matofali katika nyumba ya mtu bila ruhusa yake iliyoandikwa, inayosema nani atalipa na nini kitatendeka ukipata uhamisho. Pasipo ruhusa hiyo, nunua benchi la mbao lenye sanduku. Litapanda gari pamoja nawe. Mwenye kibanja naye apatane na mwenye ardhi, na kila mjenzi aulize ofisi ya jiji katika Divisheni ya Rubaga kabla ya kuchimba msingi.

Basi utaratibu ni huu: tazama mvua, chimba mfereji, mwaga sakafu, ijaribu kwa ndoo, jenga benchi, na maua yawe ya mwisho. Fedha ikiisha katikati, hata ukikosa maua utakuwa na baraza kavu la kukalia.