GOLOLI ZIBADILISHWE ZOTE, SIYO MBILI MBILI



Naomba nafasi katika gazeti letu la ukutani niwajibu ndugu waliosema mkutanoni kwamba kununua gololi mpya za baiskeli za ushirika ni kutapanya fedha za wanachama. Eti gololi ni chuma. Iliyopasuka itolewe, iwekwe nyingine, zilizobaki ziendelee na kazi.

Hivi, jamani, tunajua kilichomo ndani ya habu? Hizi baiskeli zetu za zamani zina gololi 18 gurudumu la nyuma, 9 kila upande, za robo inchi. Mbele ni 20, ndogo kidogo, za 3/16. Kwenye ekseli ya pedeli ni 22. Gunia la mahindi na mtu aliyepanda havikalii ekseli, vinakalia gololi.

Gololi iliyozunguka miaka inalika. Inapungua kidogo sana, jicho halioni. Sasa ukichanganya mpya mbili na kuukuu saba, hizo mbili ni nene kuliko wenzao, basi mzigo wa tisa wanabeba wawili. (Mambo haya tumeyaona hata kwenye shamba la pamoja.) Hazikai muda zinapasuka, halafu fundi anatwambia gololi za siku hizi mbovu! Siyo mbovu, zimeonewa.

Na gololi ikipasuka haifi peke yake. Vipande vyake vinasaga koni, vinachimba kikombe cha habu. Koni unaweza kununua nyingine. Kikombe kikiharibika unatupa habu nzima, na hapo ufumue spoku zote, 40 za nyuma au 32 za mbele, usuke upya. Ndugu anayeogopa bei ya gololi 18 aende dukani akaulize bei ya habu, kisha aje aseme tena habari ya kutapanya.

Nakubali jambo moja: kama koni imeshaingia vishimo, gololi mpya peke yake ni kazi bure. Koni nayo itoke.

Kuna na kosa la pili. Fundi mwingine anajaza gololi mpaka zinabanana, eti nyingi ndiyo imara. Hapana. Lazima ibaki nafasi kidogo, isiyotosha gololi moja zaidi. Zikibanana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe. Kikombe kioshwe kwa mafuta ya taa, kifutwe kikauke, ipakwe grisi safi, siyo oili chafu ya trekta. Koni ikazwe kiasi: gurudumu lisicheze pembeni, lakini ukiliinua lizunguke lenyewe mpaka valvu ishuke chini.

Sasa niseme la moyoni. Msimu uliopita baiskeli ya maziwa iligoma njiani, gurudumu la nyuma likakataa kuzunguka. Kijana aliyekuwa nayo aliisukuma juani, alipofika maziwa yamechachuka. Akakatwa fedha, akaambiwa mzembe. Habu ilipofunguliwa mbele ya watu, upande mmoja ulikutwa na gololi kuukuu sita na mpya tatu, na katika hizo mpya mbili zimepasuka. Je, mzembe ni nani hapo? Aliyepanda baiskeli, au sisi tuliobana matumizi?

Napendekeza mkutano ujao uamue hivi. Kila habu ikifunguliwa, gololi za pande zote mbili zibadilishwe, za saizi moja, kutoka pakiti moja. Zilizotoka zihesabiwe mbele ya mtunza stoo. Lile kopo la gololi kuukuu liondoke karakana, watoto wapewe wachezee, maana likibaki pale ndugu fundi atachovya mkono tu.

Na yule kijana arudishiwe fedha yake ya maziwa.

Mwanachama